Kabla ya Kuchagua Kifaa cha XML, Uliza Nani Anakitunza

Maktaba ya Taifa ya Qatar, iliyozinduliwa rasmi Aprili 2018 katika eneo la Education City mjini Doha, ina mlango wa pili ambao haufungwi usiku. Mlango huo ni Qatar Digital Library, kazi ya pamoja ya maktaba hiyo, Qatar Foundation na British Library ya London, iliyofunguliwa kwa umma Oktoba 2014. Humo mna nyaraka za India Office zinazohusu Ghuba, hati za kale za sayansi zilizoandikwa kwa Kiarabu, ramani na picha, zikiwa na maelezo ya Kiarabu na ya Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili ana sababu zake za kuingia humo. Kitabu kikubwa cha J. G. Lorimer kuhusu Ghuba, Oman na Arabia ya Kati, kilichotolewa mwaka 1908 na 1915 kwa matumizi ya serikali ya Waingereza huko India, kimo. Ndani yake zimo habari za wana wawili wa Seyyid Said bin Sultan, Thuwaini wa Maskati na Majid wa Zanzibar, pamoja na uamuzi wa Lord Canning wa Aprili 1861 uliozitenga nchi zao na kuitaka Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka.

Ukurasa ukishapigwa picha, mashine bado haijui chochote kuhusu yaliyomo. Hata programu ya kutambua herufi ikishaigeuza picha kuwa maandishi yanayotafutika, kompyuta huona mfuatano wa herufi tu: haijui kama 1861 ni mwaka au namba ya faili, kama 40,000 ni fedha au idadi ya watu, wala kama Majid wa ukurasa huu ndiye yule wa ukurasa unaofuata. Hayo huelezwa kwa lebo. Jina la mtu hufunguliwa kwa lebo na kufungwa kwa lebo, mahali vivyo hivyo, tarehe vivyo hivyo, na lebo huwekwa ndani ya lebo mpaka waraka mzima unakuwa na muundo ambao mashine inaweza kuufuata. Utaratibu unaotumika sana kwa kazi hiyo ni XML, uliopitishwa na shirika la W3C tarehe 10 Februari 1998. Juu yake watu wa maktaba na makavazi wamejenga lahaja zao: TEI kwa maandishi ya kihistoria na ya kifasihi, ALTO ya kueleza kila neno liko sehemu gani ya picha, METS ya kuzikusanya kurasa ziwe kitabu kimoja, na EAD kwa orodha za makavazi.

Wala si maktaba peke yake. Kuanzia Machi 2023 benki zinazotumia mtandao wa Swift zilianza kuhamisha maagizo ya malipo ya kuvuka mipaka kutoka mtindo wa zamani wa MT kwenda kiwango cha ISO 20022, ambacho ujumbe wake huandikwa kwa XML, na kipindi cha kutumia mitindo yote miwili kwa pamoja kilikwisha Novemba 2025. Mfanyakazi anayetuma ada ya shule kutoka benki ya Doha kwenda benki ya Mombasa au Dar es Salaam anatuma waraka wa XML, ajue asijue. Katika waraka huo anwani inaweza kugawanywa badala ya kuandikwa kama mstari mmoja tu: mtaa una lebo yake, namba ya jengo ina yake, mji na nchi vilevile, na hata sanduku la posta limetengewa lebo, jambo la maana kwa Afrika Mashariki ambako S.L.P. ndiyo anwani ya watu na ofisi nyingi. Doha yenyewe imezoea mpango huo, kwani vibao vya buluu vilivyobandikwa kwenye majengo yake hutaja eneo, mtaa na namba ya jengo, kila kimoja mahali pake. Na tangu Novemba 2020 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka taarifa za hali ya hewa za viwanja vya ndege zibadilishwe kwa IWXXM, ambayo nayo ni XML.

Kila anayeshughulika na nyaraka hizi, awe mpangaji wa makavazi anayejua Python kidogo au mhandisi wa benki, hufika mahali akauliza: nitumie kifaa gani cha kisasa kuzisoma? Kifaa chenyewe huitwa kichanganuzi. Hupokea waraka wenye lebo, huhakiki kwamba lebo zimefunguliwa na kufungwa ipasavyo, kisha huukabidhi kwa programu nyingine ukiwa umegawanywa sehemu kwa sehemu. Jibu analopewa muulizaji kwa kawaida ni jina la maktaba ya msimbo na tarehe ya toleo lake la mwisho, kana kwamba tarehe inamaliza maneno. Mimi nasema haimalizi, na mara nyingi inapotosha. Usasa wa kichanganuzi hujulikana kwa kushuka mpaka kwenye injini iliyo chini yake na kuuliza nani anaitunza leo, habari za kasoro zinamfikia kwa njia gani, na zikimfikia anafanya nini.

Sababu ya kwanza ni kwamba maganda ni mengi, injini ni chache. Anayeandika Python akitumia lxml, anayeandika PHP akitumia DOM au SimpleXML, na anayeandika Ruby akitumia Nokogiri, wote kwa kawaida wamekaa juu ya injini moja: libxml2, iliyoandikwa kwa lugha ya C na kuanzishwa na Daniel Veillard mwishoni mwa miaka ya 1990 ndani ya mradi wa GNOME. Vivinjari vya Chrome na Safari navyo vimeitegemea. Kwa hiyo timu inayohama kutoka PHP kwenda Python kwa kudhani imepata kichanganuzi kipya huenda imebadilisha jina tu. Juni 2025 Nick Wellnhofer, aliyekuwa ameitunza injini hiyo kwa miaka kwa kujitolea, alitangaza kwamba hatakubali tena kuficha habari za udhaifu wa usalama kwa muda maalumu ili makampuni yajiandae. Udhaifu utachukuliwa kama kasoro nyingine yoyote: utawekwa hadharani na utarekebishwa nafasi ikipatikana. Alieleza kwamba kazi ya usalama ilikuwa inamla saa nyingi kila wiki bila malipo, ilhali wanaonufaika ni makampuni tajiri kuliko yote duniani. Baadaye mwaka huohuo akajiondoa kwenye utunzaji. Msimbo haukupotea na matoleo hayakukoma, lakini fikiria mtu aliyekuwa anatafuta kifaa cha Python wakati huohuo. Angeona kwamba lxml imetoa toleo la 6.0 katikati ya mwaka 2025. Tarehe mpya kabisa, maelezo safi, nambari ya kuvutia. Habari aliyoihitaji kuliko zote ilikuwa chini yake, mahali ambapo hakuambiwa atazame.

Injini ya pili kwa umaarufu, Expat, inatoa ushahidi wa namna nyingine. James Clark aliitoa mwaka 1998, na leo ndiyo inayosoma XML ndani ya maktaba ya kawaida ya Python na ndani ya Firefox. XML inamruhusu mwandishi kubuni vifupisho vinavyoitwa entiti, ambavyo msomaji wake hulazimika kuvipanua. Mtu mwenye nia mbaya huandika entiti inayoita nyingine mara 10, na hiyo inaita nyingine mara 10, na kuendelea hivyo mpaka faili isiyozidi kilobaiti 1 inapanuka kuwa maneno bilioni 1 na kula takriban gigabaiti 3 za kumbukumbu ya seva. Mbinu hiyo imejulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa upande wa Expat ilipewa namba rasmi ya udhaifu, CVE-2013-0340, mwaka 2013. Kinga iliyo ndani ya Expat yenyewe ilikuja katika toleo la 2.4.0, Mei 2021. Miaka minane! Anayechukua Python mpya hana budi kujua imefungwa na Expat ya toleo gani, maana kinga iko huko na haiko kwenye namba ya Python. Na Expat haifichi hali yake: maelezo yake rasmi yanasema waziwazi kwamba mradi hauna watu wa kutosha wala fedha, huku mtunzaji wake Sebastian Pipping akiomba waandishi hodari wa C wajitokeze. Kwangu mimi tangazo la namna hiyo lina uzito kuliko tarehe yoyote ya toleo, na ni sababu ya kumwamini mtunzaji kuliko yule anayekaa kimya.

Kuna jamaa wa hatari hiyo aliye mbaya zaidi, yaani entiti ya nje. Badala ya kupanua kifupisho, kichanganuzi huambiwa kikalete faili kutoka mahali pengine, na kikitii bila kuuliza kinaweza kumkabidhi mshambuliaji faili za siri zilizo kwenye seva. OWASP, jumuiya ya kimataifa ya usalama wa programu, iliuweka udhaifu huu nafasi ya 4 katika orodha yake ya mwaka 2017. Injini ya libxml2 iliacha kuleta entiti za nje bila kuombwa tangu toleo la 2.9.0 la mwaka 2012, na lxml ikakaza zaidi mipangilio yake katika toleo la 5.0 mwishoni mwa 2023. Vichanganuzi vya kawaida vya Java, kwa upande wao, vimeuacha mlango huo wazi kwa miaka mingi mpaka mtumiaji aufunge kwa mkono wake. Hapa tarehe haisaidii kitu: kifaa kilichotolewa mwezi uliopita chenye mlango wazi ni hatari kuliko cha miaka kumi kilichofungwa.

Majina nayo hudanganya. Katika Python, moduli iitwayo cElementTree ilikuwa njia ya haraka ya kusoma XML, na vitabu vingi na masomo mengi viliisifu. Iliondolewa kabisa katika Python 3.9 ya mwaka 2020, kwa kuwa ElementTree ya kawaida, kazi ya marehemu Fredrik Lundh, ilikwisha kuwa na kasi hiyohiyo. Katika Java, JAXB ilikuwa inakuja pamoja na lugha yenyewe mpaka Java 11 ya Septemba 2018 ilipoitoa nje. Sasa inaitwa Jakarta XML Binding, na mwanafunzi anayefuata kitabu cha mwaka 2015 atakwama kwenye mstari wa kwanza. Kisa cha kuhuzunisha kuliko hivyo ni cha xmldom katika JavaScript. Watunzaji wake walipoteza uwezo wa kuchapisha matoleo mapya chini ya jina hilo kwenye ghala la npm, wakalazimika kuhamia jina la @xmldom/xmldom kuanzia toleo la 0.7.0 mwaka 2021. Jina la zamani lingali kwenye ghala, linapakuliwa, linafanya kazi, na halina marekebisho ya usalama yaliyofuata. Anayelitafuta kwa jina alilolizoea analipata, na jina lenyewe halimwambii kwamba wenye nyumba walihama.

Upande wa pili wa udanganyifu huu ni vifaa vinavyoonekana vizee na kumbe ni vizima. Mfumo endeshi wa Debian 12 una libxml2 ya namba 2.9.14, namba ambayo kwa mtazamaji wa haraka ni ya kizamani. Lakini timu ya usalama ya Debian huchukua marekebisho ya matoleo mapya na kuyashonea kwenye toleo hilo la zamani, kwa hiyo namba hubaki ileile huku msimbo ukibadilika. Maktaba ya defusedxml ya Christian Heimes, ambayo kazi yake ni kuvizuia vichanganuzi vya Python visikubali mitego niliyoieleza, ilitoa toleo lake thabiti la 0.7.1 mwaka 2021. Kazi yake ni ndogo na imetimia. XML yenyewe haibadiliki ovyo: chapa ya tano ya XML 1.0 ni ya Novemba 2008. Lugha iliyotulia hivyo haidai kichanganuzi kinachotoa toleo kila wiki, na mradi unaotoa matoleo kila wiki huenda unarekebisha makosa yake wenyewe. Kuna lahaja zinazosogea, kama TEI, ambayo mwongozo wake wa P5 ulitoka mwaka 2007 na umekuwa ukiongezewa mambo mara kwa mara tangu hapo, lakini huko mabadiliko yako kwenye kanuni za lebo. Kichanganuzi hakiguswi.

Kwa watu wa makavazi jambo zito zaidi liko kwenye XSLT, lugha ya kuugeuza waraka wa XML kuwa ukurasa wa kusomwa, orodha, au XML ya mtindo mwingine. XSLT 1.0 ilitoka Novemba 1999, 2.0 ikafuata Januari 2007, na 3.0 Juni 2017. Vivinjari vilibaki kwenye 1.0, na libxslt, ndugu wa libxml2 ambaye lxml na PHP humtegemea, naye hakupita hapo. Tofauti si ya mapambo. Chukua barua elfu moja za wakala wa Uingereza huko Maskati, utake kuzipanga kwa mwaka na kwa mwandishi. Katika 1.0 itakubidi utumie hila iliyobuniwa na Steve Muench wa Oracle, ambayo kila mwanafunzi huikariri bila kuielewa, lakini kuanzia 2.0 ni agizo moja linaloeleweka kwa kulisoma. Sasa Google imetangaza mpango wa kuiondoa XSLT ndani ya Chrome, na kuizima kwa watumiaji wa kawaida kumepangwa Novemba 2026, sababu kubwa ikiwa ni usalama wa msimbo huo mkongwe wa C. Taasisi yoyote inayotuma XML na XSLT kwa kivinjari ili kivinjari kifanye mageuzi, mtindo uliopendwa sana mwanzoni mwa miaka ya 2000, inapaswa kuanza sasa kufanya mageuzi hayo kwenye seva yake. Kifaa ninachokipendekeza kwa kazi hiyo ni Saxon ya Michael Kay na kampuni yake ya Saxonica, iliyoanzishwa mwaka 2004. Kay ndiye aliyekuwa mhariri wa kanuni za XSLT 2.0 na 3.0. Toleo la HE ni la chanzo huria na halilipiwi, linafanya kazi katika Java, na wanaotumia Python wanalipata kwa jina la saxonche. Atakayeniambia kwamba kampuni ndogo nayo inaweza kufungwa, simpingi. Lakini hapa angalau mtunzaji ana jina, ana wateja wanaomlipa, na msimbo wa HE utabaki mikononi mwa umma hata akiondoka.

Wapo watakaosema shida yote hii ni ya kujitakia: XML imepitwa, tumia mtindo wa JSON, ulale salama. Kwa anayeanzisha huduma mpya ya kubadilishana orodha na namba kati ya programu mbili, ushauri huo ni mzuri na ningemuunga mkono. Kwa wengine waraka hauchaguliwi, hupokelewa. Faili ya docx inayotumwa kila siku kutoka ofisi hadi ofisi ni mfuko uliobanwa wenye XML ndani yake. Fomu za ODK na KoboToolbox ambazo wadadisi wa takwimu huzijaza kwenye simu vijijini Kenya, Uganda na Kongo ya mashariki hufuata XForms, lahaja nyingine ya XML. Mfumo wa serikali ya Tanzania wa kukusanya malipo, GePG, ulioanza mwaka 2017 na uliozoesha wananchi kulipa kwa namba ya kumbukumbu, ulijengwa kwa ujumbe wa XML uliotiwa saini ya kidijitali. Zaidi ya hayo, JSON haiwezi kwa urahisi jambo ambalo XML iliumbwa kwa ajili yake: sentensi nzima ya mwandishi ibaki kama ilivyo, huku jina la mtu katikati yake likiwa na lebo, na ndani ya jina hilo herufi iliyofutika ikiwa na lebo yake. Anayehifadhi hati ya kale hawezi kuikatakata sentensi ili ikae kwenye visanduku vya JSON.

Hizo saini za kidijitali zinastahili kuelezwa zaidi, maana ndipo uchaguzi wa kichanganuzi unapogeuka kuwa suala la fedha na utambulisho wa watu. Katika baadhi ya mifumo saini huhesabiwa juu ya herufi zenyewe za ujumbe. Programu ikiusoma ujumbe kuwa lebo na sehemu, kisha ikauandika upya, inaweza kuongeza nafasi, kubadilisha mpangilio wa sifa au kufupisha lebo tupu, na saini iliyokuwa sahihi ikakataliwa ingawa maana haijabadilika hata kidogo. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Machi 2025 watafiti wa usalama wa GitHub walifichua udhaifu katika ruby-saml, maktaba inayotumika kumwingiza mtu kwenye mifumo mingi kwa utambulisho mmoja. Maktaba hiyo ilikuwa inatumia vichanganuzi viwili, REXML na Nokogiri, katika hatua tofauti za kuhakiki saini. Vichanganuzi hivyo viliweza kuusoma waraka uleule kwa namna mbili, na mshambuliaji aliyepata ujumbe mmoja wenye saini halali angeweza kujitengenezea ujumbe wa mtu mwingine na kuingia kwa jina lake. Hakuna kati ya viwili hivyo kilichokuwa kimetelekezwa, na vyote vilikuwa na tarehe nzuri. Kasoro ilikuwa kwenye kuvichanganya. Kwa hiyo namwambia mhandisi yeyote wa malipo: ndani ya njia moja ya uhakiki kaa na kichanganuzi kimoja, na kile kilichohakiki saini ndicho kisome yaliyosainiwa.

Pingamizi lingine lina nguvu zaidi: kwamba umma haukosei, kifaa kinachopakuliwa na mamilioni hakiwezi kuwa kibaya. Idadi ya upakuaji ni kielelezo cha mazoea ya miaka iliyopita. Jina la zamani la xmldom liliendelea kupakuliwa kwa wingi baada ya kuachwa, kwa sababu programu nyingine zilizolitaja zamani huliita zenyewe bila mtu kuamua. Na leo muulizaji mara nyingi haendi kwa mtu, anauliza programu ya akili bandia, nayo imejifunza kutokana na msimbo uliokusanyika kwa miaka 20, ambamo masomo ya zamani ni mengi kuliko mapya. Jibu lake linaweza kuwa na cElementTree ndani yake huku likizungumza kwa uhakika wote. Lichukue kama orodha ya majina ya kwenda kuyakagua, basi.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, nalo linatoka kwa timu ndogo: mtu mmoja anayehudumia orodha ya makavazi, au wawili wanaoendesha mfumo wa chuo, hawana muda wa kufuatilia maisha ya watunzaji wa C huko Ulaya. Ni kweli, na ndiyo maana kazi yenyewe lazima iwe fupi. Katika Python, pyexpat.EXPAT_VERSION hukuambia papo hapo Expat iliyoko chini, na lxml.etree.LIBXML_VERSION hukuambia libxml2. Katika PHP ni LIBXML_DOTTED_VERSION. Katika Ruby amri ya nokogiri -v huorodhesha yote. Namba hizo ziandikwe kwenye kumbukumbu za mradi, kisha zilinganishwe na taarifa za usalama za mfumo endeshi unaotumika, si na namba ya juu kabisa iliyopo duniani, kwa sababu niliyoitaja ya Debian. Faili mbili za majaribio ziwekwe kwenye mradi, moja yenye entiti zinazozaliana na nyingine yenye entiti ya nje, na jaribio lipite pale tu kichanganuzi kinapozikataa. Timu ikifanya hivyo kila inapobadilisha toleo, itakuwa imejua kuhusu kifaa chake mambo ambayo tarehe ya toleo haiwezi kuiambia.

Linalobaki ni gharama, na hapa Doha ina nafasi isiyo ya kawaida. Taasisi zenye uwezo zinaweza kulipa. Umoja wa Ulaya umechukua njia ya sheria: Sheria ya Ustahimilivu wa Mtandao, iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024, itawalazimisha watengenezaji wa bidhaa za kidijitali kuanzia Septemba 2026 kutoa taarifa za udhaifu unaotumiwa na washambuliaji, na masharti yake mengine makuu yatafuata Desemba 2027, yakihusisha pia vipande vya chanzo huria walivyoviweka ndani ya bidhaa zao. Maktaba na benki za Ghuba hazihitaji kungoja sheria ya namna hiyo. Sehemu ndogo ya fedha za mradi wa kidijitali ingeweza kumlipa mtunzaji wa Expat au wa libxml2 kwa muda wa maana. Watengenezaji programu wa Afrika Mashariki walioko huku Ghuba hawana fedha za taasisi, lakini wana nyaraka ambazo watunzaji hao hawazioni mara kwa mara: Kiarabu na herufi za Kilatini katika mstari mmoja, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, majina yenye alama ambazo programu nyingi huzipoteza. Ripoti ya kasoro inayomsaidia mtunzaji huwa na faili ndogo kabisa inayoionyesha kasoro hiyo, namba ya toleo la injini, matokeo yaliyotarajiwa na yaliyopatikana, na haina data ya mtu yeyote wa kweli ndani yake.